Mashine ya kuranda inanitekenya vidole: je, nikate waya wa ethi kama nilivyoshauriwa?

Seremala wa Kihonda

Ndugu zangu, salaam. Ninayo karakana ndogo ya useremala hapa Kihonda, Morogoro, na ninaomba msaada wa watu wanaoujua umeme kuliko mimi, kwa sababu nimepewa ushauri wa aina mbili unaopingana, na kila mmoja umetoka kwa mtu ninayemheshimu.

Mwaka jana nilinunua mashine ya kuranda mbao, mtumba kutoka Ujerumani, yenye mwili wa chuma kitupu na mota ya wati 1,500. Ilikuja na plagi yake ya pini mbili nene za mviringo, ile yenye vibati viwili vya shaba ubavuni, nami nikawa ninaichomeka kwa adapta ya kununua dukani. Kwa miezi minane ilifanya kazi vizuri, isipokuwa kwamba masika yalipoanza nilikuwa nahisi vidole vikitekenywa kila nilipoegemeza mkono kwenye meza ya mashine. Nikiwa na ndala hali hiyo ilikuwa hafifu kiasi cha kuipuuza. Siku moja nilizivua kwa sababu sakafu ilikuwa na maji, na hapo mkono ulirushwa nyuma kwa nguvu hata nikauangusha ubao niliokuwa nimeushika. Nilipogusisha tesita kwenye chuma, taa yake iliwaka.

Wiki iliyopita nikaamua kuachana na adapta. Nilikata plagi ya Kijerumani nikafunga ya pini tatu, nikaweka waya wa kahawia, wa buluu, na ule wa kijani wenye mstari wa njano, kila mmoja mahali pake. Tangu hapo mashine haifanyi kazi kabisa. Nikiichomeka na kuwasha swichi ya ukutani, kabla hata sijagusa swichi ya mashine yenyewe, umeme wa karakana nzima unakatika. Mara ya kwanza nilidhani Luku imekwisha, nikaenda kuangalia mita nikakuta yuniti zipo tele. Kinachoshuka ni ile swichi pana kwenye boksi, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T.

Fundi aliyefunga umeme wa karakana alikuja, akaifungua plagi, akautoa waya wa ethi, yaani ule wa kijani wenye mstari wa njano unaokwenda ardhini, na mashine ikaunguruma kama kawaida. Akaniambia waya huo ndio unaosumbua, niukate. Jioni yake shemeji yangu, ambaye hufanya kazi kiwandani, alinikataza kabisa nisithubutu. Nina oda ya milango kumi na miwili, mteja ananipigia simu kila asubuhi, na mashine imekaa kimya. Nimsikilize nani kati ya hao wawili?

Mchonga Milango

Pole na kazi, ndugu. Mimi nina msumeno wa mezani ambao niliukata ethi siku ileile niliyoununua, na huu ni mwaka wa tisa, na vidole vyangu vyote ninavyo. Hizo swichi zenye kitufe cha T zina usumbufu mwingi. Yangu ilikuwa ikishuka hata manyunyu yakianza tu. Vaa viatu vya mpira, tandika ubao mkavu chini ya miguu, umalize milango ya watu. Kama kutekenywa kunakukera, geuza waya wa kahawia na wa buluu ndani ya plagi, na mara nyingi hali hiyo huisha.

Fundi Umeme wa Tanga

Seremala, msikilize shemeji yako. Na wewe, ndugu Mchonga Milango, nakuomba uniwie radhi, kwa maana ushauri wako wa kugeuza waya nitaurudia hapo chini, na sitausifu.

Kwanza tuelewane kuhusu swichi hiyo pana. Mafundi wengi huiita RCD, na kazi yake si sawa na ya breka zilizopangwa kando yake. Breka hupima wingi wa umeme na kukata pale unapozidi uwezo wa waya. RCD hupima kitu kingine: hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto, ule wa kahawia, na ule unaorudi kwa nyutro, waya wa buluu, na ikiona kwamba kiasi fulani kilichotoka hakikurudi, basi kimepata njia nyingine ya kuifikia ardhi, nayo hukata papo hapo. Zile zinazofungwa kwa ajili ya kulinda watu huandikwa miliampea 30, yaani tofauti ikifika hapo ni lazima ikate. Kitu chenye upungufu wa namna hiyo kinaposhusha swichi, kuna umeme unaovuja, na katika suala lako tunajua unavujia wapi, kwa sababu vidole vyako vilikwishatuambia tangu masika.

Sasa tazama mfuatano wa mambo ulioueleza mwenyewe. Plagi ya Kijerumani haina pini ya ethi. Ethi yake ni vile vibati viwili vya ubavuni, ambavyo hukutana na vibati vingine ndani ya soketi ya kwao. Adapta uliyotumia ilipokea pini mbili tu, na vile vibati havikugusa chochote. Kwa hiyo kwa miezi minane yote mashine yako ya chuma haikuwa na ethi hata kidogo. Umeme uliokuwa ukivuja ulifika kwenye mwili wa mashine ukakaa hapo ukisubiri njia, na njia iliyojitokeza ni wewe. Ulipokuwa na ndala, mpira ulipunguza kiasi kinachopita mwilini hadi kikawa mtekenyo tu, kiasi ambacho RCD haiwezi kukihesabu kuwa hatari. Ulipofunga plagi ya pini tatu, ule uvujaji wa siku zote ukapata waya wa shaba wa kwenda ardhini, ukaongezeka, na RCD ikauona. Fundi wako alipoutoa waya wa ethi, alikurudisha wewe kwenye nafasi ya huo waya.

Kuhusu viwango vya hatari, hesabu yake ni rahisi na inafaa kila mwenye karakana aijue. Mtu huanza kuuhisi umeme kwenye miliampea 1 hivi. Ukifika karibu na 10, misuli ya mkono hukaza na watu wengi hushindwa kuachia walichokishika. Kuanzia 30 kwenda juu kifua huweza kukaza na pumzi kushindikana, na kati ya 50 na 100, ukipita kwa muda wa sekunde moja au zaidi, moyo huweza kupoteza mapigo yake na kubaki unatetemeka tu bila kusukuma damu. Mwili uliolowa una ukinzani wa kama omu 1,000, nao umeme wa nyumbani ni volti 230. Gawanya, utapata miliampea 230. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi yako ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Fyuzi hiyo inaulinda waya usiungue. Mtu anaweza kufa akiwa ameshikilia mashine, na fyuzi isijue kwamba kuna lolote lililotokea.

Wengine watasema kwamba ethi ikiwepo yatosha, RCD ni ya nini? Hapa ndipo hata mafundi wenzangu wengi hukosea, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo. Chukulia karakana inayotegemea nondo yake yenyewe iliyopigiliwa ardhini nyuma ya ukuta, na nondo hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kabisa, tena kwenye udongo wa kichanga au wakati wa kiangazi ni zaidi ya hapo. Waya wa moto ukiligusa chuma moja kwa moja, umeme utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa omu 50, yaani ampea 4.6. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika. Breka ya ampea 32 haitashuka. Mashine itaendelea kusimama pale, chuma chake kikiwa na umeme karibu wote wa volti 230, huku kila mtu akiamini kwamba ethi ipo. RCD ndiyo inayoziona hizo ampea 4.6, ambazo kwake ni mlima, na hukata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili. Vitu hivi viwili hufanya kazi pamoja, na wewe umebahatika kuwa navyo vyote.

Nirudi kwenye kugeuza waya. Ni kweli kwamba mtekenyo huweza kupungua, kwa sababu sehemu inayovuja, ambayo ilikuwa upande wa moto, sasa inakuwa upande wa nyutro, ambao hauna volti nyingi ukilinganisha na ardhi. Lakini swichi ya mashine nyingi hukata waya mmoja tu. Ukiwa umegeuza, swichi hiyo inakata nyutro na kuuacha moto ukifika hadi ndani ya mota hata pale mashine inapoonekana imezimwa. Siku utakapofungua kifuniko ili kubadilisha mkanda, ukidhani umeizima, utakuwa umeingiza vidole mahali palipo na umeme kamili.

Kuhusu mashine yenyewe, maelezo yako yana dalili moja nzuri. Umeme unakatika mara tu unapochomeka, kabla ya kubonyeza swichi ya mashine. Maana yake ni kwamba uvujaji uko kabla ya swichi hiyo: ndani ya plagi, kwenye waya, au pale waya unapoingilia. Ungekuwa unakatika baada ya kubonyeza, ningeshuku mota. Na ungekuwa unakatika baada ya dakika kumi za kazi, ningeshuku mota iliyoingiwa na unyevu au inayopata joto. Chomoa plagi kabisa, fungua kifuniko, utazame pale waya unapopita kwenye bati. Pale huwa pana kipete cha mpira cha kuzuia waya usisuguane na ukingo wa chuma. Kwenye mashine za mtumba kipete hicho mara nyingi kimekauka na kudondoka siku nyingi. Kisha tafuta fundi mwenye mega, yaani kifaa cha kupimia kama ganda la nyaya bado linazuia umeme, aipime kwa volti 500, kutoka kwenye pini mbili za umeme zikiwa zimeunganishwa pamoja hadi kwenye mwili wa chuma, swichi ya mashine ikiwa imewashwa. Mashine yenye ethi inatakiwa isishuke chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja. Tesita peke yake haitakupa jibu hilo: taa yake huwaka kwa umeme mdogo kuliko unaoweza kuuhisi kwa ngozi, kwa hiyo inaposema ndiyo haikuambii ni kwa kiasi gani, na ukiwa umesimama juu ya ubao mkavu inaweza hata kusema hapana pale ambapo ilipaswa kusema ndiyo.

Mama Fanicha, Nakuru

Hamjambo nyote. Nimeusoma mjadala huu nikiwa na kikombe cha chai mkononi nikaona niiweke chini niandike, kwa sababu yaliyompata ndugu wa Kihonda yalitaka kutupata sisi pia, ingawa kwa mlango mwingine.

Nina vijana wanne wanaotengeneza sofa na vitanda, nasi hufanya kazi nyingi uani, mbali na soketi, kwa hiyo tunategemea ekstensheni. Ile tuliyokuwa nayo niliinunua sokoni, imesukwa na muuzaji mwenyewe: soketi ya matundu matatu upande mmoja, plagi ya pini tatu upande wa pili, na kwa macho haina kasoro. Siku moja plagi ililegea, nikamwita fundi. Alipoifungua akanionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na nyaya mbili tu. Pini ya tatu ilikuwa pambo. Kila kifaa cha chuma tulichokuwa tumechomeka pale kwa mwaka mzima kilikuwa hakina ethi, na sisi tulikuwa tukijisifu kwamba karakana yetu imefungwa vizuri. Kwa hiyo, kaka, hata mashine yako ikitengenezwa, usiichomeke kwenye ekstensheni usiyoifungua na kuihesabu nyaya.

Jambo la pili ni unene wa waya. Mashine ya wati 1,500 huvuta karibu ampea 6.5, na grainda kubwa ya diski ya inchi tisa, yenye wati 2,400, huvuta zaidi ya 10. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 umekusudiwa ampea 6 tu. Ukiutumia kwa grainda hiyo utaushika ukiwa moto, na mashine yenyewe itazunguka kwa uchovu kwa sababu volti zimepotelea njiani. Sisi sasa tunatumia wa 1.5 kwa uani, na wa 2.5 tunapokwenda mbali zaidi. Tena tunauvuta wote kutoka kwenye gurudumu lake kabla ya kuwasha, hata kama tunahitaji mita tano tu, maana waya uliobaki umezungushwa hujipikia wenyewe. Gurudumu letu la kwanza liliyeyuka kwa ndani namna hiyo, na nje lilikuwa bado linang'aa.

La tatu ni la stima kupotea na kurudi. Mmoja wa vijana wangu alikuwa akipiga msasa kwa grainda iliyofungwa kile kidude cha kuizuia swichi isirudi. Stima ikapotea. Akaiweka grainda juu ya benchi, akaenda kununua maandazi. Stima iliporudi, grainda iliamka peke yake, ikaruka kutoka kwenye benchi, ikazunguka sakafuni ikiukata waya wake yenyewe, na cheche zikaangukia sponji ya sofa. Tuliwahi mein swichi kabla moto haujashika. Tangu siku hiyo amri ni moja: umeme ukikatika, kila mtu huzima swichi ya kifaa chake na kuchomoa plagi kabla hajauliza kama jirani naye hana stima. Na mein swichi yenyewe hairuhusiwi kuwekewa mbao mbele yake. Awali ilikuwa imefichwa nyuma ya rundo la vitanda.

Nimalizie na ombi kwa wenye ndugu nje. Mdogo wangu alinitumia drili kutoka Marekani, zawadi njema kabisa, ila ilikuwa ya volti 120. Ilifanya kazi kwa sekunde tatu.

Seremala wa Kihonda

Nawashukuru sana. Fundi wa Tanga, nilifuata ulivyosema, na leo nimerudi na majibu.

Nilichomoa, nikafungua kifuniko cha nyuma. Kipete cha mpira hakikuwepo. Waya ulikuwa umelala moja kwa moja juu ya ukingo wa bati, na mtetemo wa mashine ulikuwa umelichuna ganda la nje, kisha ganda la waya wa kahawia hadi shaba ikaonekana, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Shaba haikuwa imegusa chuma. Kati yake na chuma palikuwa na vumbi la mbao lililoshindiliwa, jeusi, lenye unyevu, kama tumbaku iliyolowa. Jirani mmoja alinielekeza kwa fundi mwenye mega, naye alipoipima kabla sijasafisha chochote ilisoma megaomu 0.01. Tulipoukata mkono mmoja wa waya ulioharibika, tukasafisha, tukaweka kipete kipya na kuubana waya usicheze, ikasoma zaidi ya 50. Nimeirudisha kwenye plagi ya pini tatu, ethi ikiwa mahali pake, na leo imeranda mbao za milango minne bila swichi kushuka na bila kunitekenya, ingawa nilikuwa na woga nikaigusa kwanza kwa mgongo wa mkono.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: grainda yangu na drili yangu, zote mpya, zina nyaya mbili tu ndani ya waya wake, na plagi ya grainda ina pini ya tatu ya plastiki. Je, nazo nimeuziwa bila ethi kama ekstensheni ya mama wa Nakuru? La pili: ile 0.01 ina maana gani kwa hesabu ulizotufundisha?

Fundi Umeme wa Tanga

Hongera, umefanya kazi safi, na mgongo wa mkono ni desturi nzuri kwa mtu mwenye shaka, kwa kuwa misuli ikikaza huuondoa mkono badala ya kuufumba, ingawa desturi nzuri zaidi ni kupima bila kugusa.

Nianze na swali la pili. Megaomu 0.01 ni omu 10,000. Gawanya 230 kwa 10,000, unapata miliampea 23. RCD ya miliampea 30 haitakiwi kukata chini ya 15, na ni lazima ikate ifikapo 30. Yako ilikata kwenye 23, yaani iko katikati ya mahali inapopaswa kuwa. Swichi uliyoambiwa ni msumbufu ni nzima kabisa. Na lile vumbi lililolowa ndilo lililokuwa linakukinga kwa miezi yote hiyo. Mtetemo ungeendelea kidogo tu, ile punje ya shaba ingelifikia bati, na usingeandika hapa habari za kutekenywa.

Kuhusu grainda na drili, hapana, hukuibiwa. Tazama kibati cha maandishi ubavuni mwake. Utaona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo inamaanisha kwamba kifaa kimekingwa mara mbili: nyaya zina ganda lake, na juu ya hapo mwili wa nje na baadhi ya vipande vya ndani vimetengenezwa kwa plastiki ngumu, ili hata ganda la kwanza likifa, umeme usifike mkononi. Kifaa cha namna hiyo hakihitaji ethi, na pini yake ya tatu kwenye plagi kazi yake ni kufungua vifuniko vya matundu ya soketi tu. Hapa niongeze neno kwa wale wenye plagi za pini mbili ambao hupenyeza kijiti, kalamu au bisibisi kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke: kijiti hukatikia humo, bisibisi hukosea tundu, na pini nyembamba zilizolazimishwa kwenye soketi pana hushika nusunusu na kuunguza soketi. Badilisheni plagi, bei yake ni ndogo kuliko ya soketi.

Hata hivyo, kukingwa mara mbili hakumaanishi kwamba kifaa ni salama kwa kila hali, na grainda ndiyo ninayoiogopa kuliko drili. Feni yake huvuta hewa kutoka palepale unapokata. Ukikata chuma siku nzima, vumbi la chuma huingia ndani, likachanganyika na vumbi la kaboni za mota zinazolika, likatandaza njia ya umeme juu ya plastiki iliyotakiwa kuukinga. Ipulize kwa kompresa mara kwa mara, ikiwa imechomolewa na wewe ukiwa umevaa miwani, na ikipimwa kwa mega isishuke chini ya megaomu 2. Usiitumie imelowa, na usiiache kwenye mvua ukidhani jua litaikausha hadi ndani. Waya wake ukichubuka, usiufunike kwa tepu nyeusi ukaendelea. Tepu hufunguka kwa joto na mafuta, tena huficha kidonda kinachoendelea kukua. Ufupishe waya au uweke mpya.

Kwa drili hatari nyingine iko ukutani. Ukitoboa palipopita waya uliofichwa, biti na kichwa cha drili, ambavyo ni chuma, hupata umeme, na kinachokukinga ni plastiki unayoishika. Kwa hiyo shika kwenye vishikio vyake, usiweke kidole karibu na kichwa, na usitoboe moja kwa moja juu au chini ya soketi na swichi, kwa sababu mafundi wengi hupitisha nyaya kwenye mstari huo.

Mama Fanicha ameyasema ya ekstensheni vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Nitaongeza moja tu kwa wanaofanya kazi kwa jenereta ndogo: nyingi kati yake hazikuunganisha nyutro na ethi, na katika hali hiyo RCD uliyoichomeka mbele yake inaweza isikate hata kukiwa na uvujaji. Msiitegemee kabla fundi hajaipima ikiwa kwenye jenereta hiyo hiyo.

Mama Fanicha, Nakuru

Fundi, niulize kwa niaba ya vijana wangu. Ikitokea mmoja ameshikwa na stima na haachii, tufanye nini? Mmoja wao anasema mtu akamatwe kiunoni na kuvutwa kwa nguvu.

Fundi Umeme wa Tanga

Asikamatwe, mama, maana mtapata wawili. Mmoja akimbilie mein swichi au achomoe plagi. Ndiyo sababu ulifanya vyema kuondoa vitanda mbele yake. Kama swichi iko mbali, msukumeni mkono au kifaa kwa ubao mkavu, mkiwa mmesimama juu ya kitu kikavu. Umeme ukishaondoka, mtazame kama anapumua. Ikiwa hapumui, au anatweta kwa shida huku hajitambui, mlazeni chali sakafuni, mmoja abonyeze katikati ya kifua kwa viganja viwili vilivyopandana, kina cha sentimita tano hadi sita, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, huku mwingine akitafuta gari na msaada. Akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali vilevile, kwa kuwa mapigo ya moyo huweza kuvurugika na mtu akiwa anaongea.

Mchonga Milango

Nimesoma yote nikakaa kimya siku mbili. Leo asubuhi, kabla vijana hawajafika, nimekwenda kwenye boksi langu nikabonyeza kile kitufe cha T, ambacho sikuwahi kukigusa tangu swichi ifungwe. Hakikushuka. Nimebonyeza mara tano. Taa zinaendelea kuwaka.

Fundi Umeme wa Tanga

Basi, ndugu yangu, umekuwa ukifanya kazi bila kinga ya RCD kwa muda ambao hakuna anayeujua. Kitufe hicho hakihitaji ethi ili kifanye kazi. Kinatengeneza uvujaji wa bandia ndani ya swichi yenyewe, kwa hiyo kisiposhusha chochote, na umeme upo, swichi imekufa au imefungwa vibaya. Usiwashe ule msumeno leo. Mwite fundi aibadilishe, kisha urudishe waya wa ethi wa msumeno kabla hajaondoka, umwone akiibonyeza T mbele yako, na wewe uwe unaibonyeza kila mwezi. Ile ya zamani iliyokuwa ikishuka kwenye manyunyu, mwambie atafute ilikuwa inaona nini. Mara nyingi huwa ni taa ya nje au soketi ya ukuta wa nje inayoingia maji.

Mchonga Milango

Ni taa ya nje. Ina maji hadi nusu ya kioo, nimeiona sasa hivi. Fundi anakuja saa nane.